Ukiandika mawazo ya mhusika, usimtangulize msimulizi

Wewe unayeandika hadithi, ukitaka msomaji aingie kichwani mwa mhusika, anza kwa kufuta "alifikiri kwamba" na "alijiuliza". Maneno hayo humbakiza nje. Chukua mama anayeanika dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza:

Jua hili halitoshi, mvua ikija je, na ada ya mtoto bado, mwalimu alisema Jumatatu, Jumatatu gani, baba yake naye simu haipatikani, lo, honi ya kivuko, saa nane hii.

Hakuna aliyetuambia ana wasiwasi, lakini tumeuona. Tazama pia ile honi, ndiyo ninayoithamini kuliko vyote. Mawazo yakiachwa peke yake msomaji hupotea. Sauti ya nje humrudisha pale mhusika alipo. Mwandishi Virginia Woolf alifanya hivyo katika riwaya yake Mrs Dalloway (1925): saa ya Big Ben inagonga London, na watu wasiojuana wanaisikia kwa pamoja. Sisi tuna honi, adhana, makonda wakiita abiria wa Buzuruga.

Alama za uandishi usizitupe zote. James Joyce aliziacha karibu zote katika sura ya mwisho ya riwaya yake Ulysses (1922), lakini hapo alikuwa ameshamzoesha msomaji kwa mamia ya kurasa. Kwenye hadithi fupi tumia mkato, na nukta iweke pale wazo linapokatika kweli. Halafu hakikisha kila wazo limezaliwa na kitu: harufu, jina, au neno lililojirudia, kama hiyo Jumatatu.