Ulemavu wa vifuniko vya matamvua kwa trauti: jinsi ya kuukagua na kuuzuia

Trauti, samaki wa maji baridi, huvuta maji mdomoni na kuyapitisha kwenye matamvua, viungo vyake vya kuhemea, na vifuniko vya pembeni mwa kichwa ndivyo vinavyosaidia kuyasukuma. Kifuniko kikiwa kifupi, kimejikunja au kimelegea, samaki huhema kwa nguvu zaidi na kupata oksijeni kidogo, huku matamvua yaliyo wazi yakichubuka na kushikwa na vimelea kwa urahisi. Maji yakiwa mengi na baridi hutagundua kitu. Oksijeni ikishuka, huyo ndiye wa kwanza kufa.

Kasoro hii mara nyingi huanzia kwenye yai na kifaranga. Kagua kabla ya kuhamishia vifaranga bwawani, kisha kila mnapowatenganisha kwa ukubwa.

Chukua samaki 50 kila tangi kwa wavu laini, sehemu zote za tangi. Usiwateke wa ukingoni peke yao. Hao mara nyingi ndio wanyonge, na hesabu itapotoka. Tena, ukikagua 50 usione hata mmoja mwenye kasoro, bado tangini wanaweza kuwepo hadi 6 katika kila 100.

Walaze kwanza. Mafuta ya karafuu hayachanganyiki vizuri na maji, kwa hiyo changanya sehemu 1 ya mafuta na sehemu 9 za ethanoli, kisha tia mililita 4 za mchanganyiko huo katika lita 10 za maji ya tangi lilelile. Samaki akilala ubavu huku bado anahema, mkague haraka na umrudishe kwenye maji safi yenye hewa. Wanaokaribia kuuzwa wasipewe dawa hii bila ushauri wa daktari wa mifugo.

Toa alama 0 hadi 3, kama wafanyavyo wafugaji wa samoni Norway: 0 matamvua yamefunikwa yote, 1 upande mmoja umepungua kidogo, 2 pande zote mbili zimepungua, au mmoja sana, 3 sehemu kubwa ya matamvua inaonekana. Andika kushoto na kulia mbalimbali. Gusa pia. Kifuniko laini kinachopinda kinaelekeza kwenye upungufu wa madini. Ukingo uliochanika wenye damu ni jeraha la kung'atwa au la wavu, na tiba yake ni nyingine kabisa: punguza msongamano, badilisha wavu.

Sasa tafuta chanzo. Joto la mayai lichunguzwe kwanza. Mayai ya trauti yakae chini ya nyuzi 12, na ya samoni yasizidi 8. Joto likizidi, mifupa huundwa kwa pupa na kuharibika. Katika miinuko ya Mlima Kenya na Aberdare, mto ukipungua kiangazi, maji hupata joto alasiri, na kipimo cha asubuhi peke yake hakitakuonyesha. Pima mara mbili kwa siku na uandike.

Chakula ndicho kinachofuata, na hapa ndipo wengi hukosea. Vitamini C hujenga tishu inayoushika mfupa, lakini huharibika ghalani kwa joto na unyevu. Nunua chenye aina yake iliyoimarishwa, na kisikae miezi. Fosforasi, madini ya kuimarisha mfupa, ile inayomeng'enyeka iwe takriban asilimia 0.7 ya chakula. Muulize muuzaji kiasi *kinachomeng'enyeka*, kwa kuwa fosforasi nyingi ya soya na nafaka imefungika na trauti hawezi kuitumia. Chakula cha kujichanganyia kwa soya nyingi kinaweza kuonekana kizuri kwenye karatasi na bado kikaacha mifupa milaini. Usisahau ukoo: kasoro zikijirudia kwa watoto wa wazazi walewale ilhali joto na chakula viko sawa, badilisha wazazi.

Wenye alama 1 na 2 wafuge kwenye tangi lisilosongamana, oksijeni kwenye maji yanayotoka isipungue miligramu 7 kwa lita. Usitarajie chakula bora kirefushe kifuniko cha samaki aliyekwisha kukua. Mwenye 3 anayehema juu juu muue bila kumtesa, kwa pigo moja la nguvu kichwani. Wote wenye kasoro wasitumike kamwe kama wazazi.