Usitake kusaidia kartie muzima, chagua nyumba moja

Bandugu ba Goma, kitu kinavunjaka moyo ya bakristo bengi ni kuanza na moto mingi, tunatoa manguo, unga, faranga, kisha mwezi moja mbili tumeisha potea. Chagua nyumba moja tu yenye unafikaka kwa miguu, na upange siku, mufano kila siku ya posho (samedi) ukitoka kuteka maji ziwani unapeleka bidoni moja ya lita 20 kwa yule mama muzee wa nyuma yenu, hata kama umechoka, na ukifika piga hodi, ikala kidogo, uliza magoti yake inaendelea aje, juu saa zingine anahitaji muntu wa kuongea naye kuliko maji (yenyewe mutie dawa kwanza, musisahau). Siku hauko, tuma mutoto ao mwenzako wa korali. Paulo mu Wagalatia 6:9 anasema tutavuna kwa wakati wake, hakusema kesho, basi usikae unangojea aksanti. Na kama unamusaidia na makala pia, faranga ya kumununulia uiweke kando siku ileile unalipwa, juu mwisho wa mwezi haitakuwako.