Hesabu majamvi kwanza: nafasi ya diski kabla ya kufungua mashine pepe

Huku Pemba mtu hapeleki wachumaji mkarafuuni kabla hajajua ana majamvi mangapi ya kuanikia. Karafuu mbichi haingoji. Diski ya kompyuta ya nyumbani nayo inataka hesabu hiyo kabla hujatengeneza mashine pepe hata moja, yaani kompyuta ya programu inayoishi ndani ya kompyuta yako, kwa sababu ikishajaa katikati ya kazi, pa kuhamishia hupaoni.

Anza na nafasi uliyonayo kweli, siyo iliyoandikwa kwenye boksi. Diski ya GB 256 ndani ya Windows inasomeka kama GB 238, kwani kiwanda kinahesabu kwa 1,000 na Windows inahesabu kwa 1,024. Toa Windows yenyewe, toa programu na picha za harusi, halafu weka pembeni kama sehemu moja ya tano ambayo hutaigusa. Kinachobaki ndicho cha mashine pepe. Windows 11 peke yake inadai GB 64 kwa uchache, Ubuntu yenye madirisha (aina ya Linux) ipe GB 25, na Debian ya kuandikia amri tu (nayo ni Linux) hutoshwa na GB chache. Kijana anayejifunza kazi za seva ninamshauri aanzie hapo kwenye Debian. Atajifunza yale yale na diski itapumua.

VirtualBox, programu ya kutengenezea mashine pepe, itakuuliza kama diski ya mashine iwe ya kukua au ichukue nafasi yake yote tangu mwanzo. Wengi tunachagua ya kukua, na si vibaya, ila ujue umekubali nini. Ukiandika GB 50, faili huanza dogo na kunenepa kadiri unavyoongeza vitu. Ukivifuta vitu hivyo ndani ya mashine, faili halipungui. Mashine tatu za namna hiyo ni deni la GB 150, hata kama leo zinakula 40 tu.

Linaloumiza watu zaidi ni snapshoti, yaani alama ya hali ya mashine unayoweza kuirudia baadaye. Ukipiga snapshoti, diski ya zamani inagandishwa na kila kipya kinaandikwa kwenye faili jingine, na kila faili la namna hiyo linaweza kukua hadi ukubwa wa diski nzima. Mpwa wangu alikuwa Wete akimalizia kazi yake ya chuo, magharibi imeshaingia, mashine ikasimama ghafla na ujumbe kwamba diski imejaa. Tulipofungua folda la snapshoti tulikuta mafaili sita, la mwisho GB 19. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe cha kufuta. Nikamshika: mwanangu, usifute hapo kwa mkono, mafaili haya yanategemeana, ukitoa moja mashine nzima haifunguki. Tulifuta faili la ISO (la kusakinishia) la Windows lililobaki baada ya kusakinisha, zaidi ya GB 5, mashine ikaendelea pale pale iliposimama, tukaizima kwa utaratibu. Kisha tukaziondoa snapshoti moja moja kwa kutumia VirtualBox yenyewe. Hata kuziondoa kunahitaji nafasi, maana programu inaunganisha mafaili. Ndiyo sababu ile sehemu moja ya tano haiguswi. Basi piga snapshoti kabla ya jambo la hatari, na ukishaona mambo sawa, iondoe wiki hiyo hiyo.

Kupunguza faili lililonenepa kunawezekana kama halina snapshoti: ndani ya Linux jaza sifuri kwenye nafasi tupu kwa programu ya zerofree, zima mashine, halafu upande wa nje, kwenye kompyuta yako yenyewe, tumia amri ya VirtualBox iitwayo VBoxManage modifymedium pamoja na --compact. Kulala kwa mashine nako kunakula: ukiihifadhi ilivyo badala ya kuizima, yaliyomo kwenye RAM yake yanaandikwa diskini.

Kwa nakala ya akiba nunua diski ya nje, na kabla ya kunakili tazama imepangwa kwa mfumo gani. FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, kwa hiyo ipange kwa exFAT au NTFS. Nakili mashine ikiwa imezimwa kabisa. Na kama kompyuta yako ni ya mezani na haina UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika), usianze kunakili wala kuunganisha snapshoti siku ambayo umeme unacheza. Ngoja utulie, hata ikibidi ufanye kazi hiyo alfajiri.