Bajaji ikilala nje: isisukumike, isiwake, na ikitoka ionekane

Mwizi anayejua kazi haiwashi bajaji pale ilipolala. Anaisukuma. Ni nzito kweli, lakini ina matairi matatu, haihitaji kuegemezwa kama pikipiki: mmoja anashika usukani, mwenzake anasukuma nyuma, na wakishafika barabarani dereva wa bajaji nyingine anaisukuma nyuma kwa mguu, vilevile madereva wanavyosaidiana mafuta yakikata. Mlinzi akiona anadhani ni chombo kibovu kinapelekwa kwa fundi. Kuacha gia ndani au kuvuta hendibreki hakuzuii kitu, kwa sababu klachi inabanwa kwa mkono na hendibreki inashushwa kwa sekunde moja.

Kwa hiyo hela ya kwanza iende kwenye mnyororo, si kwenye king'ora.

Loki ya usukani ifunge kila unaposhuka, hata ukienda kununua vocha. Ukishafunga, utikise usukani kushoto na kulia uhakikishe pini imeingia. Usiitegemee peke yake; pini ni nyembamba na mtu mwenye nguvu anaivunja kwa kuvuta usukani mara moja au mbili.

Mnyororo uwe wa chuma kigumu, unene wa pete usipungue milimita 10. Dukani uombe tupa, ukwaruze pete moja pembeni. Tupa iking'ata na kutoa vumbi la chuma, huo ni mnyororo wa kufungia geti au mbuzi, mkasi wa nondo unaukata. Tupa ikiteleza, chukua. Mita moja na nusu inatosha. Uvishe tyubu ya baiskeli iliyokatwa, usikwaruze rangi wala kupata kutu haraka. Kufuli liwe lenye mabega yaliyoifunika shingo, ili mkasi usipate pa kushika. Mnyororo mzuri wenye kufuli la shingo ndefu ni hela iliyotupwa.

Hapa wengi wanakosea: wanafunga tairi la mbele. Tairi la bajaji, saizi 4.00-8, linashikiliwa na nati chache tu, na spana ya kulifungulia mara nyingi imo ndani ya bajaji yenyewe, pamoja na stepni! Wezi wanaacha tairi lako limefungwa kwenye nguzo, wanaweka stepni, wanaondoka. Usifunge kwenye bampa, keria wala mabomba ya turubai, maana yote yanashikwa na bolti. Pitisha mnyororo kwenye mkono wa chuma unaobeba tairi la nyuma, au kwenye bomba la chasisi, halafu kwenye kitu kisichong'oka. Ukaze usilegee chini. Mnyororo uliolala ardhini unawekwa juu ya jiwe na kupigwa nyundo, na mkasi unapata sakafu ya kuegemea mpini mmoja huku mtu akikandamiza mwingine kwa uzito wake wote.

Kama unalaza nyumbani na hakuna nguzo ya maana, tengeneza pete ya zege. Kunja nondo ya milimita 16 iwe umbo la U, kila mguu sentimita 30, na ncha zikunjwe kwa nje ili isichomoke. Chimba shimo la sentimita 40 kila upande na kina hichohicho, simamisha U kichwa kikitokeza kiasi cha kupitisha mnyororo, mimina zege la uwiano wa ndoo 1 ya saruji kwa 2 za mchanga na 4 za kokoto. Saruji itakayoingia haifiki nusu ya mfuko wa kilo 50. Mwagilia maji kila siku, uanze kufungia baada ya siku saba. Zege hilo lina zaidi ya kilo 140, na liko ndani ya ardhi.

Baada ya hapo ndiyo swichi ya siri, ya kuzuia injini isiwake. Kuna fundi atakuwekea kwenye waya wa betri, kwa sababu ni rahisi kufikia. Kwenye injini ambazo CDI (kiboksi kinachoipa plagi umeme wa cheche) inapata umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye magneti (kizalisha umeme cha injini), swichi hiyo inazima taa na stata tu. Mwizi anachomoa soketi ya swichi ya ufunguo, anasukuma na gia, injini inawaka. Mwambie fundi akate waya mwembamba wa pikapu, unaotoka kwenye magneti kupeleka ishara kwenye CDI. Bila ishara hiyo plagi haitoi cheche. Bajaji ya injeksheni, akate waya wa pampu ya mafuta.

Viungo vya waya vichomwe kwa risasi na kuvishwa plastiki ya kubana kwa moto, visisokotwe na kufungwa tepu. Ishara ya pikapu ni ndogo sana. Kiungo kikilegea kwa mtetemo au kikiingiwa na maji ya mvua, injini itaanza kukosa kosa na utanunua plagi tatu bure. Jaribio: zima swichi, piga stata, isiwake. Washa, injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kuongezwa mafuta, tikisa waya wote. Ikikohoa, rudisha kwa fundi. Swichi isiwe chini ya kiti cha dereva, ndipo mahali pa kwanza mkono unapopapasa. Na kijiweni usimwonyeshe mtu.

Koki ya mafuta nayo ifunge usiku. Mafuta yaliyobaki kwenye kabureta yatamfikisha mwizi mbali kidogo, kisha itamzimikia barabarani watu wakiona. Zile za gesi asilia za Dar es Salaam, funga valvu ya mtungi na koki ya petroli pia, la sivyo atahamia kwenye petroli.

Jipiesi (GPS), kifaa cha kuonyesha bajaji iko wapi, ni ya kutafutia, haizuii. Iwe na betri yake ya akiba, maana mwizi anaanza kwa kuchomoa betri kubwa. Ifiche chini ya plastiki, si ndani ya boksi la chuma linaloziba mawimbi. Laini yake iwe na bando muda wote: vifaa vingi vinanyamaza kwa sababu ya vocha iliyoisha, si kwa ujanja wa mwizi. Kama ina kazi ya kuzima injini kwa simu, itumie chombo kikiwa kimesimama tu. Kukizima katikati ya barabara ni kuua abiria.

Betri na stepni ndivyo vinavyoibwa hata bajaji ikiachwa. Chomelea flati baa juu ya betri, yenye tundu la kufuli, lakini kabla fundi hajagusa chasisi na mashine ya welding, chomoa betri na soketi ya CDI, la sivyo CDI inaweza kuungua.

Kadi halisi usiilaze ndani ya bajaji, beba kopi. Piga picha za namba ya chasisi, namba ya injini na mikwaruzo yoyote ya kipekee, uzitume kwenye simu ya mtu mwingine. Ikipotea, piga 112, kisha nenda kituoni na picha hizo ukachukue RB (namba ya taarifa yako polisi), bima wataidai. Ila bima ndogo hailipi wizi, hata RB zikiwa kumi. Anayetaka kulipwa bajaji yake akate bima kubwa, na asome kwanza masharti ya mahali pa kulaza.