Kabla ya kuomba dawa ya akili kwa ajili ya presha ya macho

Kwamba dawa za maradhi ya akili huenda zikalinda retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, si uzushi, ila ni habari ya maabara bado. Retina ina vipokezi vya dopamini (kemikali ambayo seli za neva hupelekeana habari), na dawa hizi huviziba. Kwa panya waliomulikwa mwanga mkali, kuziba baadhi ya vipokezi hivyo kulipunguza kufa kwa seli zinazopokea mwanga. Lakini presha ya macho (glakoma) huua seli nyengine, zile ambazo nyuzi zake ndizo neva ya jicho. Kwa binadamu, tiba iliyothibitika ni kushusha presha kwa matone, leza au upasuaji. Usiache matone, na anayetumia dawa za akili asizikatishe kwa habari hii.

Ukienda kuuliza kliniki ya macho, Mnazi Mmoja au kwengineko, chukua pakiti za dawa zote, maana "kidonge cheupe kidogo" hakimsaidii daktari. Andika jina, miligramu, mara ngapi kwa siku, na mwaka ulioanza kuitumia. Sindano ndiyo husahauliwa zaidi: mtu anayechomwa flufenazini, dawa ya akili, kila baada ya wiki chache huulizwa kama anatumia dawa, akajibu hapana, kwa kuwa hamezi kitu.

Haloperidoli, nayo dawa ya akili, mara nyingi hutolewa pamoja na benzeksoli ili kuzuia mtetemeko na kukakamaa. Hapo ndipo pa kuangalia sana. Benzeksoli hupanua mboni, na kwa mwenye pembe finyu ya jicho, yaani pale maji ya ndani yanapotokea, maji hayo huweza kuzibiwa njia, presha ikapanda ndani ya saa chache. Jicho huwa jekundu na kuuma, taa huzungukwa na duara za rangi, na mtu hutapika. Kutapika huko huwapoteza watu, wakadhani ni malaria au chakula. Hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Basi mwombe daktari apime pembe ya jicho, si presha peke yake. Presha ya kawaida ya jicho ni kama milimita 10 hadi 21 za zebaki.

Dawa nyengine za akili nazo zina madhara yake. Klorpromazini ya miaka mingi kwa dozi kubwa huacha chembe kwenye lenzi. Thioridazini ikizidi miligramu 800 kwa siku huharibu retina yenyewe, na dalili ya mwanzo huwa kuona vibaya usiku. Olanzapini huweza kupandisha sukari, kwa hiyo pima sukari pia.

Nyumbani, ziba jicho moja uitazame saa ya ukutani, kisha ziba la pili. Ukitumia yote mawili, jicho zima hulificha bovu.

Siku ya kliniki tia matone yako kama kawaida. Ukitiwa ya kupanua mboni, utaona ukungu kwa saa kadhaa na jua litakuumiza; vespa iache nyumbani, uje na mtu wa kukushika mkono mpaka kwenye daladala.