Kata simu kwanza, hakiki baadaye

Tapeli wa simu anaishi kwa haraka yako. Atakusihi usikate, usimwambie mtu, utume sasa hivi. Kwa hiyo kata, hata kama amekutaja kwa majina yako yote. Kujua majina yako si ushahidi wa chochote: anayeanza kukutumia pesa huonyeshwa jina la mwenye namba kabla hajaweka namba ya siri.

Mzazi mwenye mtoto bweni apokee hivi simu ya "mwanao kaanguka, tuko hospitali ya General hapa Dodoma, tuma ya vipimo na ya kutolea". Usiulize "Ni Neema?", maana umeshampa jina la kutumia. Uliza: mtoto yupi, kidato gani, bweni gani? Kisha kata, upige namba iliyo kwenye fomu ya kujiunga na shule. Isipopokelewa, mtafute mwalimu wa darasa kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Namba aliyokupa mpigaji usiiguse.

Sokoni Majengo kosa hutokea pale wateja wanapojaa na meseji ya muamala ikasomwa mstari wa kwanza tu. Tazama mtumaji: ikiwa ni namba ya kawaida inayoanza na 07 au 06, ni feki. Likiwa jina la mtandao, usitulie bado, kwani hata jina huigizwa. Piga hesabu: ulikuwa na 42,300, umepokea 85,000, salio jipya lazima lisome 127,300. Halafu ingia mwenyewe kwenye menyu, kwa M-Pesa ni *150*00#, uangalie salio. Gunia lisipande bodaboda kabla ya hapo. Mteja mwaminifu atasubiri.

"Nimekosea kutuma, nirudishie" ni mtego mbaya zaidi, kwa sababu safari nyingine pesa huwa imeingia kweli, ila ni ya mtu wa tatu aliyetapeliwa. Ukiirudisha kwa namba unayotajiwa, mwenyewe akadai kwa mtandao wake, unabaki na deni na maelezo ya kutoa. Mwambie aliyetuma apige 100, huduma kwa wateja, mtandao ushughulikie.

Tarakimu 6 za WhatsApp hazitajwi kwa mtu yeyote, hata ndugu. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti. Ukiagizwa kubonyeza *21* ikifuatiwa na namba fulani na alama ya #, kataa: simu zako zitaelekezwa kwake. Umeshabonyeza? Piga ##002# kufuta, kisha *#21# kuhakikisha.

Ikiwa pesa imeshatoka, piga 100 dakika hiyohiyo ukiwa na namba ya kumbukumbu ya muamala, kabla haijatolewa kwa wakala. Meseji usifute. Itume kwenda 15040, namba ya kuripoti meseji za utapeli, nenda polisi ukachukue RB (namba ya taarifa uliyotoa), kisha piga *106# uone kama kuna laini usizozijua zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.