Vyuo vinne, kitabu kimoja: namna ya kununua vitabu vya kielektroniki kwa pamoja

Kazi yangu maktabani ni dawati la ununuzi. Orodha za idara hupita mikononi mwangu, ankara hupita mikononi mwangu, na mwanafunzi akikosa kitabu, malalamiko hunifikia mimi kabla hayajamfikia mkurugenzi. Haya nayaandika kwa wakutubi wenzangu wa vyuo vya Tanzania, hasa vyuo vidogo ambako fungu la vitabu ndilo la kwanza kukatwa mambo yakibana. Kununua kwa pamoja kunawezekana bila kumsubiri mfadhili. Ila kuna utaratibu wake, na anayeanza na bei ameanzia mwisho.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Kati ya mwaka 1963 na 1970, Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vilikuwa vyuo vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Kitivo cha sheria kilikuwa Dar, na vijana wa Kenya na Uganda walikuja kukisoma hapa. Kama nchi tatu ziliweza kugawana vitivo, vyuo vinne vya mkoa mmoja vinaweza kugawana rafu.

Kabla ya kutoa shilingi

Kusanya kwanza vya bure. Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hupata Research4Life, mpango wa kusoma machapisho ya kitaaluma mtandaoni, bila malipo. Humo mna Hinari ya afya, iliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, AGORA ya kilimo ya mwaka 2003, OARE ya mazingira ya 2006, ARDI ya teknolojia na ubunifu ya 2009, na GOALI ya sheria ya 2018. Wengi wanaifahamu kwa majarida, lakini vitabu vimo pia. Ongeza DOAB, saraka ya vitabu huria vya kitaaluma ambavyo mtu hupakua bila akaunti wala nywila. Kila ombi la idara lipitishe kwenye milango hii miwili kabla hujaliandika kwenye orodha ya manunuzi. Inauma kuona chuo kinalipia kitabu ambacho wanafunzi wake wangekisoma bure.

Kisha jiunge na kilichopo. COTUL ndio muungano wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini. Wakenya wana KLISC, Waganda wana CUUL, na nyuma ya miungano kama hii yupo EIFL, shirika linalojadiliana na wachapishaji wakubwa kwa niaba ya maktaba za nchi zinazoendelea. Vifurushi vikubwa vinapatikana kwa njia hiyo. Ninachoeleza hapa ni ngazi ya chini yake: vyuo vichache vya jirani, vinavyofundisha kozi zinazofanana, vikinunua vitabu vile ambavyo vifurushi vikubwa havina.

Chukua mji kama Morogoro. Kuna Sokoine, kuna Mzumbe, kuna Chuo Kikuu cha Waislamu, kuna Jordan. Mhadhiri anaweza kutoka kimoja hadi kingine kwa daladala. Mbeya, Iringa, Dodoma na Mwanza pia zina vyuo vilivyokaribiana hivyo.

Anzeni na somo moja

Msianze na katiba ya ushirika wala kamati ya kuandaa kamati. Chagueni somo moja linalofundishwa kote: sheria, uhasibu, ualimu, uuguzi. Kila maktaba itoe kwenye Koha, programu ya katalogi ya maktaba, orodha ya vitabu vya somo hilo, ikiwa na jina la kitabu, mwandishi, toleo, mwaka, idadi ya nakala na mara ngapi kimeazimwa. Wakati huohuo omba idara ikupe muhtasari wa kila kozi wenye vitabu vya lazima. Mhadhiri akikwambia "vile vya kawaida", rudi tena kesho yake. Orodha hiyo ndiyo msingi wa kila kitakachofuata.

Mnapounganisha orodha, msitegemee ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, peke yake. Kitabu kimoja chenye jalada gumu, jalada jembamba na sura ya kielektroniki kinaweza kuwa na namba tatu tofauti, na kompyuta ikavihesabu kama vitabu vitatu. Linganisheni jina, mwandishi na toleo, kwa macho, mkiwa mmekaa chumba kimoja. Ni kazi ya kuchosha, lakini hapo ndipo mtaona ukweli: vyuo vyote vina toleo la zamani la kitabu kilekile, na kitabu kingine cha lazima hakipo popote.

Vya karatasi vigawaneni kwa kuandikishana. Chuo gani kinaahidi kutunza nakala ya mwisho ya kitabu ambacho wengine wanataka kukiondoa? Nani anasafirisha kitabu kilichoazimwa, na kwa gharama ya nani? Parseli ya basi inatosha kwa vyuo vya mikoa jirani, mradi kitabu kipokelewe kwa saini. Hati ya kurasa mbili yenye saini za wakurugenzi wa maktaba inatosha kwa kuanzia.

Kuna kitu ambacho muuzaji yeyote wa nje hana, nacho ni chetu: tasnifu za wanafunzi wetu, ripoti za utafiti wa wilayani, magazeti ya zamani, matoleo ya Kiswahili yaliyokwisha sokoni. Tasnifu ziwekeni kwenye DSpace, programu ya kuhifadhi kazi za chuo mtandaoni, kila chuo na yake, kisha kubalianeni namna moja ya kuandika jina la mwandishi, idara na maneno ya utafutaji ili mtafutaji azione zote. Na mnapojadili vifurushi, ulizieni vitabu vya wachapishaji wa Afrika kwa majina. African Books Collective, iliyoanzishwa na wachapishaji wa Kiafrika mwaka 1985, husambaza vitabu vya nyumba kama Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, na vitabu vya kielektroniki vya wanachama wake hupatikana kupitia jukwaa la mtandaoni la Project MUSE. Mwanafunzi wa historia asiyepata kitabu kilichoandikwa na Mtanzania kuhusu Tanzania tumemnyima haki yake, hata tukimpa maelfu ya vitabu vya kwingine.

Mkataba ndio kitabu

Hapa nakuomba usome polepole. Kitabu cha karatasi ukikinunua ni chako: unaazimisha, unatuma Iringa, unakiweka miaka arobaini. Cha kielektroniki ni kama chumba cha kupanga. Mwenye nyumba ndiye aliyeandika masharti. Kwa hiyo omba rasimu ya leseni kabla ya kuomba bei, mpelekee mwanasheria wa chuo, na wewe mwenyewe uisome ukiwa na kalamu.

Tazama kwanza nani anatajwa kuwa mnunuzi. Mara nyingi vyuo hujadiliana bei pamoja, lakini leseni hutolewa kwa kila chuo kivyake. Hilo ni punguzo la bei, si mkusanyo wa pamoja. Kama mnataka kitabu kimoja kisomwe na vyuo vyote, majina ya vyuo vyote, pamoja na matawi yake, lazima yaandikwe ndani ya leseni. Ahadi ya mdomo ya afisa mauzo haitamsaidia mwanafunzi siku akaunti ikifungwa.

Kisha idadi ya wasomaji kwa wakati mmoja. Wauzaji hutoa ngazi: msomaji mmoja, watatu, au bila kikomo. Kitabu cha msomaji mmoja kikigawanywa kwa vyuo vinne, wiki ya mitihani kitakuwa na foleni ambayo hakuna anayeiona, na mwanafunzi atadhani mtandao ndio mbovu. Kwa kitabu cha lazima cha mwaka wa kwanza, ama mpate leseni isiyo na kikomo, ama mnunue nakala za karatasi. Leseni ya msomaji mmoja inafaa kwa kitabu cha rejea ambacho mtu hukifungua mara chache.

Ulizeni kama mnanunua moja kwa moja au mnakodi kwa mwaka. Kwenye kifurushi cha kukodi, muuzaji huweza kuondoa vitabu katikati ya muhula. Dai muda wa taarifa, na dai kitabu kilichomo kwenye silabasi kibaki hadi muhula uishe. Kwa vya kununua moja kwa moja, uliza vitahifadhiwa wapi mchapishaji akifilisika. Jibu zuri hutaja hifadhi kama Portico au CLOCKSS. Dai pia haki ya kumtumia sura moja msomaji wa chuo kisicho mwanachama, haki ya mgeni aliyeingia maktabani kusoma palepale, na haki ya kuchapa kurasa.

Kipengele kimoja sikubali kiachwe: wanafunzi wasioona. Tanzania imejiunga na Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013 ili kazi ziweze kugeuzwa katika mifumo wanayoweza kuisoma. Leseni isiwapokonye haki hiyo. Kabla ya kusaini, mwombe mwanafunzi anayetumia programu ya kusoma skrini ajaribu jukwaa la muuzaji kwa saa nzima, mbele yako. Kitufe cha "fungua kitabu" kisiposomeka, mrudishie muuzaji alitengeneze kwanza. Na kwa kuwa majukwaa hurekodi nani amesoma nini, mwanasheria aangalie leseni sambamba na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kugawana bili

Tuseme kifurushi ni shilingi milioni 40, na vyuo vinne vina wanafunzi 10,000, 6,000, 3,000 na 1,000. Njia ninayoipendekeza ni kugawa sehemu moja sawa kwa sawa na iliyobaki kwa idadi ya wanafunzi. Mkigawa asilimia 40 sawa, chuo kikubwa kitalipa milioni 16 na kidogo milioni 5.2, yaani shilingi 1,600 kwa mwanafunzi wa kule na 5,200 kwa mwanafunzi wa huku. Hiyo ni kumwonea mdogo. Mkigawa asilimia 20 tu sawa, mkubwa atalipa milioni 18 na mdogo milioni 3.6. Bado mdogo anachangia zaidi kwa kichwa, lakini anabebeka, na mkubwa bado analipa pungufu ya nusu ya bei. Pigeni hesabu hizi mezani kabla ya kwenda kwa wahasibu, kila mmoja akiwa na takwimu za udahili zilizothibitishwa.

Kalenda nayo itawasumbua. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, wachapishaji wengi huhesabu Januari hadi Desemba, na masomo yetu huanza Oktoba au Novemba. Vyuo vya umma hununua kupitia NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma, ambao una hatua zake, na vyuo binafsi vina taratibu zao. Ombeni mkataba unaoanza Oktoba, au mlipe miezi ya nyongeza mara moja ili tarehe zioane. Mhasibu aulizwe mapema kuhusu kodi ya zuio na mabadiliko ya dola. Bei ya Machi siyo mtakayolipa Septemba.

Kumfikishia msomaji

Pakieni rekodi za MARC, yaani maelezo ya kitabu ambayo katalogi huyasoma, za kila kitabu kwenye Koha ya kila chuo. Mwanafunzi anayetafuta kwenye katalogi akione cha kielektroniki kando ya cha karatasi. Anwani za IP za vyuo vyote, yaani namba zinazotambulisha mtandao wa kila chuo, apewe muuzaji, na njia ya kuingia ukiwa nje ya chuo ijaribiwe kwa simu ya kawaida yenye bando dogo, usiku, kwa sababu ndivyo itakavyotumika. Pendelea jukwaa linaloruhusu kupakua sura moja moja. Halafu viungo vya vitabu vya kila kozi wape wahadhiri na viongozi wa darasa wavitume kwenye makundi yao ya WhatsApp. Bango la ukutani halifanyi kazi hiyo.

Kila robo mwaka chukueni ripoti za matumizi zinazofuata COUNTER, kanuni za pamoja za kuhesabu matumizi ya machapisho ya kielektroniki. Idadi ya waliosoma ni muhimu, lakini mimi huanza na idadi ya waliokataliwa kwa sababu nafasi za wasomaji zilijaa. Kitabu kilichokataa wengi kinahitaji leseni kubwa zaidi. Kitabu ambacho hakikufunguliwa kabisa, muulizeni mhadhiri wake kabla ya kukifuta. Huenda kozi hiyo hufundishwa muhula wa pili.

Kikao cha kuhuisha mkataba kifanyike si chini ya miezi mitatu kabla haujaisha. Kiandikwe mapema pia kitakachotokea chuo kimoja kikishindwa kulipa: vyuo vingine vikifidie kwa muhula mmoja, deni liandikwe, na wanafunzi wake wasifungiwe wakati wa mitihani. Muhula huo ukiisha bila malipo, chuo kitoke kwa barua, muuzaji apewe orodha mpya ya anwani, na mgao upigwe upya.